Bwana, Utulehemu

Mwinjilisti aliandika sala kwa zaidi ya nusu ya maisha yake, lakini katika miaka yote niliyokaa jirani naye kule Mugumu, tukitenganishwa na ua wa minyaa tu, sikuwahi kumsikia akisali kwa sauti bila karatasi. Ukimwambia, "Mzee, tuombee chakula," alijipapasa mifuko ya koti, kwanza wa kulia, kisha wa kushoto, na karatasi ikikosekana alisema, "Kureni tu. Mungu ameona." Wapo waliomwita mnafiki kwa sababu hiyo. Mimi nampenda mzee yule, na nikisema nampenda sina maana kwamba hakunichosha. Alinichosha sana.

Vijitabu vyake utavikuta mpaka leo katika maduka ya Mugumu na Tarime, vimebanwa kati ya viberiti na madaftari ya shule. Ndani yake kuna sala ya mtu aliyeibiwa ng'ombe, sala ya mwenye mahindi yaliyokauka kabla ya kubeba, sala ya dereva wa bodaboda, sala ya kijana anayeshuka shimoni Nyamongo kutafuta dhahabu. Karibu kila mtu ana yake. Sala ya mzazi ambaye binti yake ameondoka nyumbani haimo, na binti aliyeondoka nyumbani alikuwa wa kwake. Hakuna kilichomtesa kama hicho, na wote tuliokaa karibu naye tulikijua.

Nimeandika "kureni" kwa kuwa ndivyo alivyotamka. Kikurya alichokulia hakina la, na ulimi wake uliigeuza kila la kuwa ra. Mimi nilikuwa Mwarimu. Ng'ombe walikura majani, watoto walirara. Mimi ni mtu wa Pangani, tena mwalimu wa Kiswahili, kwa hiyo wewe mwenyewe fikiria masikio yangu yalivyopata taabu mwaka ule nilipopangiwa shule kule. Nilikuja na sanduku la nguo na kiburi cha pwani, na kiburi ndicho kilichokuwa kizito zaidi.

Siku ya kwanza alipopiga hodi kwangu alivua kofia akasimama kizingitini na rundo la karatasi kifuani.

"Shikamoo, Mzee," nikamwambia.

"Marahaba, Mwarimu. Nimesikia wewe ni Mwisiramu. Sawa. Mimi sitaki unisahihishie dini. Nataka unisahihishie ra na ra."

"Ra zipi?"

Akanitazama kama mtoto mgumu wa darasani. "Ra ya kurara," akasema taratibu, "na ra ya roho."

Nilicheka mpaka nikashika mlango. Yeye hakucheka, ila hakukasirika pia. Alingoja nimalize, akaniwekea karatasi mezani, akaondoka. Tangu siku hiyo nikawa mhariri wa sala za Wakristo, mimi niliyelelewa madrasa. Sikugusa imani yake hata mara moja. Niligusa silabi.

Alikuwa na sababu ya kuja kwangu. Kijitabu chake cha kwanza kilikuwa kimekwisha kumwaibisha kabla sijafika. Alipokuwa akikiandika, mtu mmoja alimcheka kwamba anaandika kura, yaani ya uchaguzi, palipotakiwa kula. Basi akaingiwa na hofu ya ra. Aliirudia kazi yote, na kila ra aliyoitilia shaka akaifanya la. Baraka ikawa balaka, roho ikawa loho. Mchapaji wa Mwanza aliyekuwa na macho alizirudisha zote hizo, maana balaka na loho si maneno. Lakini palikuwa na neno moja ambalo mchapaji hakulishtukia, kwa kuwa ni neno halali. Mwinjilisti alikusudia kuandika Bwana, uturehemu, utuonee huruma. Aliandika Bwana, utulehemu. Na lehemu, kama ajuavyo kila mwenye sufuria lililotoboka, ni ile risasi inayoyeyushwa ili kuziba tundu au kuunga bati na bati.

Tena halikuwa ndani ya kurasa tu. Lilikuwa juu ya jalada, kwa herufi kubwa.

Sokoni Mugumu alikuwepo fundi wa masufuria na mabirika, Mwislamu mwenzangu, mcheshi asiye na dogo. Alinunua kijitabu akakitundika kwa waya mbele ya kibanda chake. Mteja akiuliza, alijibu, "Hata makanisani wanajua kazi yetu. Leta birika." Na Mwinjilisti akipita, fundi alimwita kwa sauti ya kumshukuru, "Mzee, umenitangazia bure, Mungu akulipe!" Watoto wakamwita Mzee Lehemu. Nasikia kwa kipindi kizima alizunguka nyuma ya soko, kupita machinjioni, ili asipite pale.

Nilipoanza kumhariri nilidhani jambo la kwanza atakalonipa ni hilo nilifute. Alikataa. Nikamweleza kwa upole, nikamweleza kwa ukali. Akanipa hadithi ya mama mmoja wa Nyansurura aliyemsimamisha njiani akamwambia kwamba yeye na mumewe walikuwa hawasemezani tangu mavuno, wakaisoma ile sala ya kuungwa, na sasa wanasemezana.

"Sasa nikimwambia yure mama kwamba ni makosa, nitamwambiaje? Arudi akanyamaze?"

"Lakini ni makosa, Mzee."

"Karamu ndiyo iriyokosea. Mungu akaipokea hivyo hivyo."

"Karamu ni shughuli ya watu kula na kunywa. Unayoandikia ni kalamu."

"Ndiyo hiyo," akasema.

Utaona basi nilichokabiliana nacho. Mtu aliyeniomba nimsahihishe kila kitu, akaniwekea uzio kwenye neno moja. Kila toleo tuligombana kulihusu, na kila toleo alishinda. Nilidhani ni ubishi tu, na Wakurya kwa ubishi hawahitaji kufundishwa.

Namna yake ya kufanya kazi sijapata kuiona kwa mtu mwingine. Hakuanza na Biblia, ingawa aliijua. Alianza na miguu. Alikwenda bwawa la Manchira akakaa karibu na wanaoteka maji, alikwenda Nyamongo akakaa na wachimbaji kando ya magunia ya mawe, na wakishamzoea aliwauliza swali lake lile lile, "Ukiwa peke yako, unamwambiaje Mungu?" Wengi walianza kwa kumpa maneno ya kanisani. Alitikisa kichwa. "Hayo unamwambia mchungaji." Alingoja mpaka maneno yao wenyewe yatoke, na hayo ndiyo aliyoyaandika. Ndipo sala ya mchimbaji ikawa na mstari huu, "Kama leo hakuna dhahabu, basi kuwe na kesho." Na ya dereva wa bodaboda, "Bwana, nipunguzie mwendo kabla hujaniongezea siku." Na ile ya aliyeibiwa ng'ombe, ambayo wazee wa Kikurya walimnunia kwa ajili yake, "Nicheleweshe, Bwana, nisipate watu wa kwenda nao kulipiza mpaka hasira imepoa."

Akishaandika, aliijaribu. Alinibebesha ndoo ya maji kichwani, mimi mwalimu mzima wa serikali, akanitembeza kutoka bombani mpaka jikoni huku nikisoma. Nilipokatikiwa na pumzi, hapo alipigia mstari. "Saara isiyosemeka na ndoo kichwani," alisema, akilivuta neno sala mpaka likachakaa, "hiyo ni hotuba." Sifa ndefu za Mungu alizikata zote. Alisema Mungu anayajua majina yake, haina haja ya kumkumbusha.

Kanisani kwake hawakumwelewa. Kule watu husali kwa kufumba macho na kuacha maneno yatiririke, na mtu anayetoa karatasi anaonekana amekuja bila Roho. "Maombi ya karatasi," walimsema. Siku moja mzee wa kanisa alimwambia mbele yangu, uani kwake, "Unaogopa nini? Fungua kinywa tu, Bwana atakijaza."

"Nirishafungua kinywa siku moja kikajaa ujinga," Mwinjilisti akajibu, na mzee wa kanisa hakujua aende wapi na jibu hilo. Mimi pia sikujua, wakati ule.

Usidhani alikuwa mtakatifu. Alijipenda kwa viatu. Katika vumbi lile la kiangazi alivipiga rangi kila asubuhi, akatoka vikang'aa mpaka kwenye geti, basi. Aliogopa mbwa. Alihubiri uvumilivu na hakuweza kungoja chai ipoe. Na alikuwa na msemo ambao alipenda kuurudia kwa vijana, nao ni huu: mtu asiyeweza kumwomba jirani chumvi asijidanganye kwamba anaweza kumwomba Mungu, maana kuomba ni kuomba.

Msemo mzuri. Tatizo ni kwamba yeye mwenyewe hakuomba mtu kitu. Nina presha, na napika kwa chumvi ya kuhesabu punje. Alipokula kwangu, na alikula mara nyingi baada ya mkewe kufariki, nilimwona akitafuna samaki wangu kwa huzuni kama anayetafuna gome, akameza, akasema, "Chakura kizuri, Mwarimu." Nami kwa ukaidi wangu sikumpa. Nilisema moyoni, aombe. Ameandika vitabu vya kuomba, aombe. Hakuomba. Miaka.

Habari ya binti yake niliijua kwa vipande, mpaka siku nilipokutana na sentensi moja. Nilikuwa nahariri sala ya wagonjwa, nikaona mstari mmoja umeishia hewani, nikaongeza maneno ya kawaida kabisa, tunayoyasema wote, tumwachie Mungu. Alipoyaona alichukua kalamu kutoka mkononi mwangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akayakata mpaka karatasi ikatoboka.

"Hayo maneno kwenye kitabu changu hayaingii."

Nikamwuliza kwa nini, na hapo akanieleza. Wakati ule walikuwa bado wanaishi Nyansurura, na kijitabu cha kwanza kilikuwa kimetoka mwaka ule ule. Ilikuwa Desemba, shule zimefungwa, na wasichana wa rika la binti yake walikuwa wanapelekwa kukeketwa. Kanisani Mwinjilisti alikuwa akiupinga ukeketaji waziwazi. Lakini dada yake alikuja nyumbani, akakaa, akamwuliza mbele ya mtoto, "Unasemaje, apelekwe au asipelekwe?" Binti alikuwa amesimama mlangoni, wa darasa la sita, anamtazama baba yake mdomoni. Akina kaka wa ukoo walikuwa uani wanangoja. Na Mwinjilisti akasema, "Tumwachie Mungu." Kisha akaingia chumbani kusali.

Alipotoka, binti hakuwepo. Alikuwa ametokea mlango wa nyuma na kutembea mpaka Mugumu, kwenye nyumba inayowahifadhi wasichana wanaokimbia.

"Shangazi yake ndiye aliyemkimbiza," nilimwambia, nikitaka kumpoza.

"Hapana. Shangazi yake arisema anachotaka. Arinikimbia mimi." Akavisha kalamu kifuniko chake, akanirudishia. "Arikuwa anangoja neno moja tu. Mimi nikaenda kumwambia Mungu maneno mengi."

Binti alisomeshwa, akaenda chuo cha uuguzi Mwanza. Mama yake alimtembelea kimya kimya. Mama huyo alipofariki binti alikuja mazishini, akasalimia kila mtu, akampita baba yake kama anavyopita mtu nguzo. Baba naye alisimama pale na viatu vyake vinavyong'aa, hakusema kitu. Ndipo nikajua kwa nini hakusali bila karatasi. Hakukiamini kinywa chake.

Mwaka wangu wa mwisho kabla ya kustaafu, mambo mawili yalikuja pamoja. Kanisa lake, baada ya miaka ya kumnung'unikia, liliamua kukusanya vijitabu vyake vyote kuwa kitabu kimoja, na kamati ikaniandikia mimi mhariri kwamba utulehemu sharti liondoke, kitabu kisiwe kichekesho. Na binti yake akahamishiwa hospitali ya Mugumu.

Nilikutana naye kliniki ya presha. Alinifunga kile kitambaa mkononi, akapampu, akasoma, akasema, "Hongera Mwalimu, imeshuka. Endelea hivyo hivyo na chumvi." Uso ulikuwa wa baba yake mtupu, hata namna ya kungoja mtu amalize kucheka. Hakuuliza habari za baba yake. Nami sikuzitoa.

Mji mdogo hauna siri. Mwinjilisti alijua siku ile ile. Akaanza matembezi mapya: kila asubuhi, viatu vimepigwa rangi, alitoka, akapita mbele ya geti la hospitali, akaenda mpaka kona, akageuka, akarudi. Mlinzi alifikiri anauza kitu. Nilivumilia wiki kadhaa, kisha nikashindwa. Nilivuka ua wa minyaa nikamkuta anafuta vumbi kwenye soli.

"Mzee, umeandikia mkoa mzima wa Mara namna ya kuomba. Mwandikie na huyu."

"Hiyo haiandikiki, Mwarimu."

"Basi iseme."

Akakiweka kiatu chini. "Nikikosea je?"

Ndilo swali lililomleta kwangu siku ile ya kwanza na karatasi kifuani, na mimi nilikuwa nimecheka. Nikamwambia tu kwamba Idd imekaribia, nami sheria ya nyumba yangu anaijua, jirani hapiki siku ya Idd. Nilipokwenda kupima presha nikamwalika na muuguzi. Nilimweleza wazi nani mwingine atakuwepo, maana sipendi kumtega mtu. Akakikunja kile kitambaa cha kupimia.

"Pilau?" akauliza.

"Pilau," nikasema.

Alikuja. Ilikuwa baada ya swala ya adhuhuri, jua kali, redio ya jirani mwingine inaimba kaswida. Mwinjilisti alikuwa amekwisha keti. Binti aliingia, akanisalimia, akasimama mbele ya baba yake.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

Basi. Nikapakua. Tulikula kwanza bila maneno, vijiko tu. Nilianza kujuta, nikatafuta la kusema, na kwa kuwa kichwa changu kilikuwa kimejaa kitabu, nikasema kile ambacho kisingepaswa kusemwa, kwamba kamati inataka neno la jaladani lifutwe.

Binti akaweka kijiko chini. "Utulehemu?"

"Unalijua?"

"Nilichekwa Mwanza nzima kwa sababu yake," akasema, akimtazama baba yake kwa mara ya kwanza. "Chuoni walinipa zamu ya kuongoza sala. Nikafumba macho nikasema Bwana, utulehemu, utulehemu. Nilipofumbua, ukumbi mzima wamelaliana kwa kucheka. Mimi sikujua ni makosa. Nililijua hivyo tangu nyumbani. Wakaniita Lehemu mpaka tunahitimu."

"Ukaacha kuisema," baba yake akasema.

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Ni sala yako. Sikuwa na kitu kingine cha kwako."

Mwinjilisti alijipapasa mfuko wa kulia. Akajipapasa wa kushoto. Najua hapakuwa na karatasi, kwa sababu koti lilikuwa la Idd, jipya, nilimshoneshea mimi. Mikono ikarudi mezani. Akafungua kinywa kikabaki wazi, na mimi ambaye kwa miaka yote nilikuwa nikimmalizia sentensi, nikauma ulimi. Kweli niliuma, niliusikia.

"Mwanangu," akasema, "naomba unisamehe."

Nilitega sikio kwa mazoea, nikitafuta la kurekebisha. Hakuna. Ukiyatazama maneno yale matatu, hayana ra wala la. Hayana mahali pa mtu kujikwaa.

Binti alifuta macho kwa kiganja, kwa hasira, kama mtu aliyeingiwa na moshi. "Nilikuwa nangoja uombe, Baba. Nimengoja sana."

"Najua."

"Sijamaliza kukasirika."

"Usimarize," akasema Mwinjilisti. "Kura kwanza."

Akacheka yule binti, akalia, vyote kwa pamoja, akavuta kiti chake karibu. Nami nikiwa nawatazama nikaona nilivyokuwa mjinga na kalamu yangu nyekundu. Miaka yote nilidhani anabishana nami kuhusu herufi. Kitabu kilipokwenda kwa mchapaji, neno lilikwenda kama lilivyo, na kamati ikiuliza, iniulize mimi Pangani.

Binti alionja pilau tena, akakunja uso, akainuka bila kuniuliza akaenda jikoni kwangu, yeye aliyenikataza chumvi, akarudi na kopo akaliweka mbele ya baba yake, pembeni kabisa ya sahani. Mzee alihitaji kunyoosha vidole tu. Hakunyoosha. Alilitazama kopo, akamtazama binti yake, kisha akanigeukia mimi.

"Mwarimu," akasema, "naomba chumvi."

Nikanyanyuka nikampa.